Amua Mng'ao Kabla ya Kuchagua Rangi ya Modeli ya Treni ya Mvuke

Kichwa cha kwanza cha treni ya mvuke nilichokipaka kwa mikono yangu kilikuwa modeli ya kipimo cha 1:76, yaani ndogo mara 76 kuliko injini halisi, na nilikipaka rangi nyeusi inayong'aa, moja kwa moja kutoka kwenye kopo, kwa sababu niliamini kwamba mashine nyeusi hupakwa rangi nyeusi na kwamba kazi iliyokamilika sharti ing'ae. Rangi ilishika vizuri, haikuchuruzika wala haikuacha alama za brashi. Hata hivyo, nilipokiweka juu ya reli, nilichokiona hakikuwa mashine nzito ya chuma bali kiatu kilichopigwa kiwi. Ribiti ndogondogo, yaani vichwa vya misumari ya kuungia mabati, zilizonivutia nilipokinunua zilikuwa zimemezwa na weusi, na taa ya dari ilijionyesha juu ya boila kama doa moja jeupe. Nilikipaka upya mara mbili kwa nyeusi za aina nyingine kabla ya kutambua kwamba tatizo halikuwa rangi, bali mng'ao. Ndiyo maana kila anayeniomba ushauri mimi humwambia aamue kwanza modeli yake itang'aa kiasi gani, na katika sehemu zipi, ndipo afungue kopo la rangi.

Sababu yake ni rahisi kuipima. Ukitazama modeli ya 1:76 ukiwa umbali wa sentimita 60, ni kama umesimama mita 45 hivi kutoka kwenye injini halisi. Kwa umbali huo, hata injini iliyosuguliwa asubuhi haiakisi mwanga kama kioo: mabati yake yana mawimbi madogo, yana vumbi na masizi, na hewa iliyopo kati yako nayo huipunguzia rangi ukali wake. Modeli haina hewa hiyo wala mawimbi hayo, kwa hiyo ukiipaka rangi ileile ya injini halisi, kwa mng'ao uleule, itaonekana nyeusi kupita kiasi, nyekundu kupita kiasi, na ya plastiki hata kama ni ya shaba. Kwa vipimo vidogo kama 1:76 na 1:87, mimi huchanganya takriban sehemu moja ya rangi nyeupe au ya kijivu isiyokolea katika kila sehemu kumi za rangi kuu, kisha humalizia kwa nusu-mng'ao. Modeli kubwa, ambazo mtu huzitazama kwa karibu kana kwamba amesimama kando ya injini yenyewe, huhitaji kufifishwa kidogo tu, na nyingine hazihitaji kabisa.

Nyeusi ndiyo rangi inayodharauliwa kuliko zote, ilhali ndiyo ngumu kuliko zote. Injini inayoitwa nyeusi ina nyeusi kadhaa. Chumba cha moshi kilichoko mbele hakina kifuniko cha kuzuia joto kama boila, kwa hiyo rangi yake huungua na kuwa ya kijivu kilichokufa, isiyong'aa hata chembe. Boila, kinyume chake, huvikwa kizuia joto na juu yake bati jembamba, na rangi ya bati hilo hudumu. Hapo nusu-mng'ao ndio mahali pake. Paa la kibanda cha dereva hupokea masizi siku nzima na kuwa la kijivu chenye weusi, na sehemu za chini karibu na magurudumu huchanganyika mafuta, kutu na vumbi la breki mpaka zikawa na uhudhurungi. Nyeusi kamili ya kopo siitumii tena, isipokuwa ndani ya mdomo wa bomba la moshi, ambapo kwa kweli hakuna mwanga.

Ukishaamua mng'ao, ndipo uchague rangi, na hapo swali la kwanza ni mwaka, kwa kuwa injini moja iliweza kubadilishwa rangi mara kadhaa katika maisha yake. Mallard, injini ya Uingereza iliyoweka rekodi ya mwendo wa treni za mvuke mwaka 1938, ilikuwa ya bluu yenye magurudumu mekundu yaliyokolea. Baada ya reli za Uingereza kutaifishwa mwaka 1948, injini za abiria za mwendo kasi ziliishia kupakwa kijani kizito, huku nyingi za kazi mchanganyiko, yaani za kuvuta abiria na mizigo pia, zikiwa nyeusi zenye mistari myembamba. Mng'ao nao hufuata mwaka. Enzi za kampuni binafsi, injini za abiria zilipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa na vibarua wa karakana, lakini kufikia mwaka 1968, treni za mvuke zilipoondolewa kwenye njia kuu za huko, nyingi zilizobaki zilikuwa chafu kiasi kwamba rangi yake haikuonekana chini ya masizi. Kuipaka injini ya mwaka huo kwa vanishi inayong'aa ni kosa la historia, si suala la kupenda au kutopenda.

Picha za zamani zitakusaidia kwa mistari, namba na mpangilio, lakini usiziamini kwa rangi. Sahani za picha za wakati huo nyingi hazikuhisi wekundu, kwa hiyo injini ya rangi ya damu ya mzee hutokea karibu nyeusi kwenye picha, na viwanda vingine vilipaka injini mpya rangi ya kijivu kwa ajili ya kupigwa picha tu ili maumbo yake yaonekane. Majina nayo hupotosha. William Stroudley, mhandisi wa injini wa reli ya London, Brighton and South Coast ya Uingereza, aliipa rangi ya injini zake jina lenye neno kijani, ilhali kila aionaye leo ataiita njano ya udongo.

Njia yangu ya kupima rangi ni vijiko vya plastiki. Mgongo wa kijiko umejipinda kama boila, kwa hiyo huonyesha jinsi mwanga utakavyotambaa juu ya mviringo, jambo ambalo kipande bapa cha kadibodi hakiwezi. Navipaka praima (rangi ya kwanza inayosaidia nyingine zishike), rangi na vanishi zilezile nitakazotumia, nusu kwa mng'ao na nusu bila mng'ao, kisha navichomeka karibu na reli chini ya taa itakayomulika modeli. Rangi iliyoonekana sawasawa dirishani inaweza kugeuka ya kibuluu au ya kimanjano chini ya taa ya LED, na ni afadhali kijiko kikuambie kuliko injini. Droo yangu moja imejaa vijiko vyenye maandishi ya mchanganyiko mgongoni, na mgeni akiifungua hudhani nina tatizo.

Kijiko pia hukuonyesha kazi ya praima. Nyekundu na njano hazifuniki vizuri. Juu ya praima ya kijivu huwa na uchafu fulani usioeleweka, kwa hiyo chini yake natumia nyeupe, au rangi ya matofali iwapo nataka nyekundu nzito. Shaba ya manjano huhitaji praima inayong'ata metali, baada ya kuoshwa kwa sabuni na kutoguswa tena kwa vidole vitupu.

Mpangilio wa tabaka umenigharimu kuliko jambo lingine lolote. Stika za maji za namba na nembo hazitulii juu ya rangi isiyong'aa, kwa kuwa uso wake una mikwaruzo midogo inayonasa hewa, na hewa hiyo huonekana kama fedha chini ya stika. Kwa hiyo paka tabaka linalong'aa kwanza, weka stika, kisha ndipo umalizie kwa vanishi ya kiwango cha mng'ao ulichokiamua. Itikise vanishi hiyo kwa dakika kadhaa, maana unga unaoua mng'ao hukaa chini ya chupa. Usipoukoroga, utapata upande mmoja unaong'aa na mwingine wenye ukungu mweupe. Wala usipulizie rangi ya selulosi, ambayo kiyeyushi chake ni kikali, juu ya enameli, yaani rangi ya mafuta. Nilifanya hivyo juu ya behewa la makaa la injini niliyoishughulikia miezi miwili, na mbele ya macho yangu rangi ilijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Sikuwa na la kufanya ila kuikwangua yote.

Wenye modeli zinazotembea kwa mvuke halisi wana sharti la ziada. Maji yaliyo chini ya shinikizo la bar 4 huchemka kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na karibu na moto joto hupanda zaidi, kwa hiyo rangi ya maji ya kawaida italainika na kubadilika. Tumia rangi iliyotengenezwa kuhimili joto, na uiache ikauke na kukomaa kabisa kabla ya kuwasha moto kwa mara ya kwanza.

Fimbo za magurudumu usizipake kabisa. Ni chuma kitupu chenye mafuta. Nyuso za magurudumu zinazogusa reli nazo zifutwe rangi, la sivyo modeli ya umeme haitatembea. Na kwenye vishikio vya kupandia kibandani, mahali ambapo viganja vya madereva vilisugua rangi kila siku, mimi hupitisha unga wa risasi ya penseli kwa ncha ya kidole juu ya vanishi isiyong'aa, na chuma hujitokeza pale tu mkono ulipokuwa ukishika.