Siri za Muumini Aliyehama Zisiwe Silaha ya Wakili

Swali lenu la wiki hii ni hili: je, wakili anayekubali kulisimamia kundi la dini lenye utata katika kesi dhidi ya watu waliolihama anakiuka maadili ya kazi yake? Mimi nasema kumkubali mteja wa namna hiyo si kosa. Kosa huanza pale wakili anapopokea vitu viwili ambavyo makundi haya huwa navyo kuliko mteja mwingine yeyote: siri za mtu aliyeungama akiwa ndani, na nia ya kumchosha akishatoka. Nimefanya kazi masjala ya mahakama kwa miaka mingi, kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu anayepokea majalada, si ya mwanasheria.

Kwanza niwasemee mawakili, maana hawatendewi haki katika mjadala huu. Lilipotokea balaa la Shakahola kule Kilifi mwaka 2023 na miili zaidi ya 400 ya wafuasi wanaodaiwa kushawishiwa wafunge hadi kufa ikafukuliwa msituni, wapo waliowalaani hata mawakili waliosimama na mhubiri Paul Mackenzie. Sikuwaunga mkono. Mtu anayeshtakiwa na serikali lazima awe na wa kumsemea, hata kama tuhuma zake zinatia kinyaa. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inalinda haki hiyo, na sisi Tanzania tunayo katika ibara ya 13. Lakini pale mwenye nguvu ni dola, na mshtakiwa yuko peke yake kizimbani. Kesi mlizoziulizia ninyi zimegeuka kichwa chini: mwenye fedha, mawakili na muda ni kundi la dini, na aliye peke yake ni yule aliyetoka.

Tena makundi yanayochukiwa huonewa kweli. Mwaka 1991 katika jimbo la Washington, Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye Jason Scott alitekwa kwa ombi la mama yake mzazi, aliyetaka atolewe katika kanisa la Kipentekoste. Alifungwa pingu, akazibwa mdomo kwa utepe, akawekwa siku tano katika nyumba moja ya ufukweni huku wakimshinikiza aikane imani yake. Akajifanya amebadilika, wakamtoa kwenda kula mgahawani kusherehekea, naye akatoroka na kuita polisi. Kijana kama huyo akikosa wakili kwa kuwa watu wanaliona kanisa lake la ajabu, basi haki haipo. Wakili akapatikana, na mwaka 1995 juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ikamwamulia fidia iliyokaribia dola milioni 5. Zaidi ya milioni moja ilitakiwa kulipwa na Cult Awareness Network, shirika lililokuwa likiwasaidia watu waliotoka katika vikundi vya kidini. Shirika lile likafilisika.

Sasa tazameni yaliyofuata. Wakili yule alikuwa muumini wa Scientology, kanisa ambalo lilikuwa na ugomvi wa miaka mingi na shirika hilo. Jason Scott akaja kupatana na mama yake. Desemba 1996 akamwacha wakili huyo, akachukua mwingine, kisha akasuluhishana na mtu aliyeongoza utekaji ule kwa dola 5,000 na saa 200 za huduma yake. Wakili wa kwanza akaenda mahakamani kutaka suluhu ibatilishwe na Scott awekewe msimamizi, kwa hoja kwamba hana uwezo wa kujiamulia mambo yake. Yaani kijana aliyepigania haki ya kuamua mwenyewe, aliyekuwa wakili wake anaomba apewe mtu wa kumwamulia! Jambo hili linanikera hadi leo. Mteja alipotaka amani na wakili akataka vita viendelee, ni halali kuuliza vita vile vilikuwa vya nani. Kanuni za Chama cha Mawakili wa Marekani zinakataza wakili kuendelea na kazi bila ridhaa ya mteja pale maslahi yake binafsi yanapoweza kumpotosha. Nami naamini imani ya wakili inaweza kuwa maslahi mazito kuliko hisa za kampuni.

Nibaki hapo hapo kwa Scientology, kwa sababu kesi zake na waliolihama zina kumbukumbu nyingi mahakamani kuliko za kundi jingine ninalolijua. Mwasisi wake, L. Ron Hubbard, alikuwa mwandishi wa hadithi za kubuni. Ibada yao kubwa ni vikao vya ana kwa ana: muumini anashika kifaa cha umeme, anaulizwa maswali ya maisha yake yote, na majibu yake yanaandikwa na kutunzwa katika jalada lenye jina lake. Aibu za utotoni, uzinzi, wizi, woga, vyote vimo. Muumini anaambiwa ni siri, na anasema kwa sababu anaamini ni siri.

Mmoja wa waliotoka ni Gerald Armstrong. Alikuwa akikusanya nyaraka kwa ajili ya kitabu cha maisha ya Hubbard, akagundua kwamba mengi aliyofundishwa juu ya mwasisi huyo si kweli, akaondoka mwishoni mwa 1981. Nyaraka nyingine alizikabidhi kwa mawakili wake, maana alihofia usalama wake. Kanisa likamshtaki mwaka 1982. Hukumu ya Jaji Paul Breckenridge wa Los Angeles, ya mwaka 1984, ilimpa Armstrong ushindi. Pia ilieleza kwamba tabia ya kuyachambua yale majalada ya siri ili kupata habari za kutishia na kusumbua watu inachukiza na ni ya kufedhehesha.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Wakili ndiye mtu wa mwisho anayeweza kusema hakujua uzito wa siri. Kazi yake yote imesimama juu ya ahadi kwamba mteja akimweleza ubaya wake, ubaya huo hautoki mle ofisini. Daktari anayo ahadi kama hiyo, padri anayo. Kwa hiyo kundi la dini likimletea jalada la maungamo ya mtu aliyehama, hata kama sheria haimkatazi kwa maneno, anatakiwa alirudishe bila kulifungua, na mteja aking'ang'ania, ajitoe katika kesi. Sioni njia ya katikati.

Watu hudhani mambo haya ni ya Marekani. Mama mmoja mtu mzima aliwahi kuja dirishani kwangu na bahasha. Alikuwa amehama kanisa moja, silitaji, akawa anadai arudishiwe hati ya kiwanja aliyoikabidhi kwa viongozi alipokuwa mfuasi. Akajibiwa kwa barua ya wakili yenye muhuri mkubwa mwekundu: aache kulichafua kanisa, aombe radhi ndani ya siku saba, na akithubutu kufungua kesi, mambo ya mwenendo wake aliyoyaungama mbele ya viongozi yatatolewa kama ushahidi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii ndiyo hukumu?" Nikamwambia, "Hapana mama, hii ni barua tu, hakuna kesi." Akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi chini ya vitenge. Hakurudi tena, na kwa kadiri ninavyojua kesi haikufunguliwa. Kiwanja sijui kiliishia wapi. Ninachojua ni kwamba barua ile iliandikwa na mtu aliyekula kiapo cha uwakili, na kiwanja na maungamo havina uhusiano wowote.

Jambo la pili ni kuchoshana. Mwaka 1955 Hubbard aliwaandikia wafuasi wake kwamba lengo la kufungua kesi ni kumsumbua na kumkatisha tamaa mtu zaidi ya kushinda. Lawrence Wollersheim, muumini mwingine wa Scientology aliyetoka, aliyajua hayo kwa mwili wake. Alifungua kesi mwaka 1980 akidai kanisa lilimharibu akili na kuiangusha biashara yake kwa makusudi. Novemba 1985, jaji aliporuhusu umma uone nyaraka za mafundisho ya ngazi za juu zilizokuwa kwenye jalada, waumini wapatao 1,500 walifurika ghorofa tatu za mahakama ya Los Angeles wakiomba nakala za nyaraka hizo hizo, ili watu wengine wasizifikie. Aliyewahi kukaa dirisha la masjala anaelewa maana yake: siku ile hakuna mjane aliyepata hati ya mirathi, wala mfungwa aliyepata nakala ya hukumu ya kukatia rufaa.

Mwaka 1986 juri ilimpa Wollersheim dola milioni 30. Rufaa ya 1989 ikazipunguza hadi milioni 2.5. Hata hizo hakulipwa. Mwaka 1993 kanisa lenyewe likamfungulia kesi mpya kutaka hukumu itenguliwe. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya California ilithibitisha kuitupa kesi hiyo chini ya sheria ya jimbo ya kuzuia kesi za kunyamazisha watu, ikasema mdaawa anayetumia kesi mfululizo bila mafanikio ili kumponda mpinzani mpaka asalimu amri lazima amulikwe kwa karibu. Fedha zilifika Mei 2002, zikiwa zimefika zaidi ya dola milioni 8 pamoja na riba. Miaka 22! Na kila ombi lililowasilishwa katika miaka hiyo lilikuwa na saini ya wakili chini yake.

Najua mawakili watajibu kwamba wao ni watumishi tu, mteja ndiye anayeamua. Hapana. Mteja anaamua anataka nini, ila wakili ana kiapo chake kwa mahakama. Kanuni zile zile za Marekani zinasema kumwakilisha mtu si kukubaliana na imani yake, na hapo namtetea wakili kwa moyo wote. Zinasema pia asitumie njia isiyo na lengo la maana zaidi ya kumfedhehesha, kumchelewesha au kumlemea mtu mwingine. Anayenukuu kanuni ya kwanza akaificha ya pili hatutendei haki.

Na kanuni bila gharama haimtishi mtu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu wakili anayezidisha maombi kwa usumbufu aamriwe kulipa gharama kutoka mfukoni mwake. Uingereza nayo mahakama inaweza kumtoza wakili gharama zilizopotea kwa makosa yake. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilikubali mwaka 2022 kwamba mtu anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi aliyofunguliwa ni ya kumnyamazisha. Ningependa kamati ya maadili ya mawakili hapa kwetu itamke wazi mambo mawili: barua ya wakili inayotishia kutoa maungamo ya mtu ni kosa la kinidhamu, na anayeipokea anaweza kuipeleka kwenye kamati bila ada na bila kuhitaji wakili. Barua zenyewe hazitakosekana. Sisi wa masjala tunaonyeshwa.