Nitaje mshahara gani ili niishi vizuri Kampala?

Swali: Salamu kutoka Arua, mhasibu. Nimepata kazi Kampala, ofisi iko Nakasero, na wananiuliza nataka mshahara kiasi gani. Nina mke na watoto wawili. Nyumba tuliyoiona Kyaliwajjala ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Shule ni 900,000 kwa kila mtoto, kila muhula. Chakula, nauli, umeme, maji na za kumtumia mama nimekadiria 700,000. Niseme ngapi?

Jibu: Hongera, ndugu yangu. Ninaandaa mishahara ya watu, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni hili: mtu anapiga hesabu ya matumizi yake, anaitaja vilevile kwa mwajiri, halafu mwisho wa mwezi anashangaa makato. Anachotaja ni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Matumizi yanalipwa na kinachobaki mkononi.

Anza na ada, maana ndiyo huvunja bajeti. Watoto wawili kwa mihula 3 ni 5,400,000 kwa mwaka, yaani 450,000 za kuweka kando kila mwezi, hata Desemba shule zikiwa zimefungwa. Pamoja na nyumba na zile 700,000 unafika 1,850,000. Hapo hakuna aliyeugua wala aliyepanda basi kwenda Arua kwa Krismasi. Ongeza 200,000. Mimi siiti hiyo anasa. Asiyekuwa nayo huishi kwa kukopa. Unahitaji 2,050,000 mkononi.

Sasa rudi kwenye ghafi. Kwa viwango vya mwaka 2025 vya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi. Hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 ni 20, na kutoka hapo hadi milioni 10 ni 30. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5 ya ghafi yote; asilimia 10 anazochangia mwajiri hazitoki kwako. Kwa mshahara wa ukubwa huo, njia ya mkato ni kutoa 98,000 kwenye pesa unayoitaka mkononi, kisha kugawa kwa 0.65: hiyo 0.65 ni kinachobaki baada ya asilimia 30 na 5, na 98,000 ni nafuu unayopata kwenye viwango vya chini. Yako inatoka 3,003,000 na kidogo. Ungetaja 2,050,000, ungeshika 1,430,500 tu, na ada ya muhula wa kwanza ingekushinda.

Mimi ningeomba 3,200,000, kwa sababu ipo pia kodi ya huduma ya wilaya, 100,000 kwa mwaka, na nauli yako naitilia shaka. Kabla ya kusaini, safiri kutoka Kyaliwajjala hadi Nakasero asubuhi ya siku ya kazi, uone taksi inakula muda gani na ni mara ngapi utalazimika kupanda boda.

Jambo jingine ni kuhama kwenyewe. Sheria ya mwaka 2022 inamkataza mwenye nyumba kudai kodi ya zaidi ya miezi 3 kabla hujaingia. Hata hivyo miezi 3 kwako ni 2,100,000, na mshahara wa kwanza bado. Mwombe mwajiri achangie gharama hiyo, na iandikwe kwenye mkataba.