Taa ndani ya kibwebwe: yaliyonikuta nikishona nguo za chakacha

Mie ni mshonaji kwanza kabisa. Haya mambo ya taa nimeyaokota njiani, nusu kwa fundi simu wa mtaani kwetu hapa Mombasa na nusu kwa kuharibu vitu, kwa hiyo kama we ni injinia utaona naongea kienyeji, nisamehe. Watu wananiuliza sana inboksi vile zile nguo za kina dada wa chakacha zinawaka wakikata kiuno, na karibu wote wanaanza na swali moja, ninunue taa gani. Taa baadaye bwana, anza na kiuno.

Manake kiuno cha mcheza chakacha hakitulii hata sekunde moja, na waya haukatiki kule unakodhania, unakatika pale unapotokea kwenye solda, yaani ile madini ya kuyeyusha ya kuungia waya, pale kitu laini kinapokutana na kitu kigumu. Nguo yangu ya kwanza nilichukua utepe wa taa mita nzima nikaushona kuzunguka nyonga, mezani ulipendeza wallahi, mazoezini haukumaliza wimbo wa pili. Baadaye ndo nikajua ule utepe huungwa kiwandani kwa vipande vya nusu mita, na kwangu palipasuka hapo hapo kwenye kiungo. Siku hizi nakata taa tatu tatu, naunganisha kwa waya laini wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni, na baina ya kipande na kipande nauacha waya ulegee kama nyoka akitambaa, kisha kwenye solda napaka gundi ya moto na kando yake nashona mishono kadhaa kuushika waya na kitambaa, ili ukivutwa mvuto uishie kwenye mshono usifike kwenye solda. Tazama pia vishale vidogo kwenye utepe, vyote vielekee upande mmoja, ukigeuza kipande kimoja tu taa zote za mbele yake ni giza na utatafuta shida mpaka alfajiri.

Hesabu ya umeme usiiruke. Hizi taa za WS2812B, aina ya LED ambazo kila moja huamriwa rangi na mwangaza wake kwa programu, zinatumia volti 5, na moja ikiwaka nyeupe kali yaweza kula miliampia 60. Nguo yangu ina taa 40, hiyo ni ampia 2.4, pawabenki nyingi ndogo hazifiki hapo. Ukiona za mwisho nyeupe yake inageuka manjano manjano kisha nyekundu, ujue umeme unaishia njiani, peleka waya mwingine wa umeme mpaka mwisho wa mkanda. Ila dawa nyepesi ni kupunguza mwangaza kwenye programu mpaka robo, ukumbini usiku hakuna atakayeona tofauti, na pawabenki ya mAh elfu tano inakaa harusi nzima.

Harusi sa. Kuna moja nilijifanya mjanja, nikapanga taa zizimwe kabisa wachezaji wakae gizani wakisubiri bibi harusi, akiingia ziwake zote kwa pamoja. Bibi harusi kaingia, ngoma imelia, wasichana wanane wamesimama, walowaka watatu. Pawabenki bwana ikiona hakuna kinachotumia umeme inadhani simu imejaa, inajizima yenyewe! Tangu siku hiyo taa zangu hazizimwi kabisa, naacha kadhaa zikifuka chini chini ndani ya pindo, na kila pawabenki naijaribu kwanza nyumbani nione ni umeme kiasi gani unaitosha isilale.

Pa kuweka hiyo pawabenki wazee walishatupangia zamani, kibwebwe. Nashona kijifuko kinakaa mgongoni pale penye bonde juu ya makalio, kibwebwe kinafungwa juu yake, haichezi. Lakini usiishonee moja kwa moja mwilini mwa mtu, iwe ya kufungua kwa mkono mmoja, ikianza kupata moto mtu aivue aitupe hapo hapo. Na zile betri za lithiamu laini zilizo uchi, za kufungwa karatasi ya plastiki tu, mie siziweki kwenye kiuno cha mtoto wa mtu.

Jasho je? Jasho ni maji ya chumvi, yanapitisha umeme na yanafanya shaba iote ukijani. Nilishawahi kuagiziwa uzi wa chuma, ule wa kushonea umeme, pamoja na kibao cha LilyPad, kikompyuta kidogo cha kushona kwenye nguo alichobuni Leah Buechley, kina matundu pembeni ya kupitisha sindano. Kibao kizuri, na uzi kwa taa moja mbili za kwenye mtandio unafaa, ncha zake zipake rangi ya kucha isiyo na rangi zisifumuke. Ila kwenye marinda yaliyolowa jasho, uzi ulio uchi unagusana na mwenzake, ni shoti tu.

Kwa hiyo taa zote ziko kwenye mkanda wa peke yake, unabanwa kwa vifungo vya kubonyeza chini ya leso, siku ya kufua unabandua. Leso chagua ya rangi nyepesi, weka pamba ya mito baina yake na taa ili zisionekane nukta nukta. Mie naangaza mji na pindo, jina naliacha, watu wanataka kulisoma.

Sensa ya mwendo, kile kidude cha kuhisi mtikisiko ili taa ziwake mtu akicheza, iwe ya mwisho. Niliiweka kifundoni, pale pa njuga, wasichana wakaanza kuwaka wakiwa bado wanatembea kuingia. Nikaihamishia nyonga ya kushoto, halafu ile namba ya kuamua huku ni kutembea au ni kucheza nikaipima kwa bi mkubwa wa kikundi, yeye anacheza kidogo kidogo, kiuno kama maji, sensa haikumwona kabisa. Nikashusha namba mpaka ikamwona. Wale wasichana sasa wanawaka hata wakikohoa.