Kwa wanaoanza kusoma ubeberu wa Marekani: fuateni sukari, lakini tazameni miaka

Wengi wenu mmetoka sekondari na orodha kichwani: sababu za kiuchumi, za kisiasa, za kijamii. Nami nilianza hivyo, hadi insha yangu ya kwanza chuoni iliporudi ikiwa na swali moja la wino mwekundu pembeni: "Mwaka gani?" Nilikasirika, lakini swali lile ndilo lililonifundisha kazi hii.

Chukueni Hawaii, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyokuwa ufalme huru. Mkataba wa 1875 uliruhusu sukari yake kuingia Marekani bila ushuru, na mashamba ya miwa yakapanuka. Sheria ya 1890 ikaondoa ushuru kwa sukari ghafi ya nchi zote, huku wakulima wa Marekani wenyewe wakilipwa ruzuku ya senti 2 kwa ratili, na upendeleo wa Hawaii ukatoweka. Januari 1893 Malkia Liliʻuokalani akapinduliwa, siku moja baada ya wanamaji 162 wa meli ya kivita Boston kushuka Honolulu. Hapo mwanafunzi huandika kwamba chanzo ni sukari, akaweka kalamu chini. Asiiweke bado. Baadhi ya wenye mashamba, akiwemo tajiri Claus Spreckels, hawakutaka visiwa vitwaliwe na Marekani, kwa kuwa walihofia kwamba sheria za Marekani zingewakosesha vibarua wa mkataba kutoka Asia. Tena ushuru ulirejeshwa mwaka 1894 na Hawaii ikapata upendeleo wake upya, ilhali kutwaliwa kulikuja Julai 1898, miezi miwili baada ya Marekani kuishinda Uhispania vitani huko Manila, Ufilipino, wakati manowari zilipohitaji makaa ya mawe njiani kwenda Ufilipino. Kilichosukuma mambo 1893 sicho kilichoyasukuma 1898.

Kwenye matokeo nako, tahadharini. Mwaka 1897 wenyeji zaidi ya 21,000 walitia sahihi hati ya kupinga kutwaliwa, na mkataba wa kuvitwaa visiwa ukakosa theluthi mbili iliyohitajika katika Seneti. Mwaka uliofuata likatumika azimio la pamoja la mabaraza mawili ya Bunge la Marekani, ambalo hupita kwa wingi wa kawaida. Ujanja huo wa kisheria hustahili ukurasa mzima. Ama sheria iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, hiyo ni ya 1896, nayo ilitungwa na waliompindua malkia, Washington ikiwa bado haijavitwaa visiwa. Atakayeiorodhesha miongoni mwa matokeo ya kutwaliwa, nitamwandikia pembeni swali lilelile.