Kinacholiwa Pembeni mwa Uwanja

Nina miaka 9 nikifundisha watoto wa shule ya msingi katika klabu ya mtaani. Mwanzoni, kila tuliposhinda niliwanunulia soda, nikiamini nawapenda. Kisha siku moja ya mechi ya mchana, beki wetu wa kulia, mtoto wa miaka 10, akaketi chini katikati ya kipindi cha pili huku mikono ikimtetemeka. Nilimuuliza amekula nini tangu asubuhi. Biskuti, akasema, na hakuna kingine.

Kocha mwenzangu, anza na wale ambao watoto wanawatazama. Mama akimwambia mtoto ale tunda, mtoto anasikia amri. Akimwona nahodha wa timu ya wakubwa anamenya chungwa, analitaka lake. Kwa hiyo tuliwaomba wachezaji wakubwa wawe wanakaa na wadogo baada ya mazoezi, wale pamoja, wapige soga, bila hotuba yoyote. Juni 2021, Cristiano Ronaldo aliposogeza pembeni chupa mbili za soda mbele ya waandishi wa habari na kuinua ya maji, watoto wangu waliizungumza habari hiyo wiki nzima. Mimi nilikuwa nimewaimbia maji kwa miezi.

Na maji kweli yanatosha kwa mtoto anayecheza saa moja. Kopo la soda la mililita 330 huwa na sukari kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Niliichota sukari hiyo kijiko kwa kijiko mbele yao, nikaimimina kwenye glasi tupu, nikaiacha mezani mpaka mazoezi yaishe. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini tumevipiga marufuku kabisa. Mzazi akija navyo, mwombe kwa heshima avirudishe nyumbani.

Kuhusu mlo wa kabla ya mechi, tunawaambia wazazi jambo moja tu: mtoto ale chakula cha kawaida chenye wanga saa mbili au tatu kabla ya kucheza, maana misuli huweka akiba yake ya nguvu kutokana na wanga. Muda ukiwa mfupi, tunda litamsaidia.

Sasa nieleze kosa ambalo bado linaniuma. Nilipoanza kuipenda habari hii ya lishe, nilimwambia kijana mmoja, mbele ya wenzake, kwamba angepunguza kula angekimbia vizuri zaidi. Nilidhani namtia moyo. Hakuja wiki tatu. Mama yake alinieleza kwamba mtoto alikuwa anaruka chakula cha mchana shuleni na kulala njaa. Nilikwenda kwao kumwomba msamaha, yeye mwenyewe, wala si mzazi wake tu. Tangu hapo, klabuni kwetu hatupimi uzito wa mtoto na hatutaji mwili wa mtu. Mtoto anayekua anahitaji chakula cha kukulia na cha kuchezea. Tunazungumzia nguvu, usingizi, na namna mguu unavyokuwa mwepesi dakika za mwisho. Ukisahau yote niliyoandika hapa, hili nakuomba ulishike.

Uvumilivu nao unahitajika. Kuna watoto ambao hukubali chakula kipya baada ya kukionja mara kumi au zaidi. Kipa wetu alikataa karoti karibu msimu mzima. Hatukumlazimisha wala kumtania, tuliziacha tu kwenye sahani mbele yake. Siku moja akachukua moja, akaendelea na mazungumzo yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia miaka 10 mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kipande cha tunda tunachowapa wakati wa mapumziko hakifikii hapo hata kidogo. Kinampa mtoto mazoea.

Fedha? Mfadhili mmoja alitaka kutupa jezi mpya kwa masharti ya kugawa vinywaji vyake vya sukari kila mechi. Tulikataa, tukacheza msimu mwingine na jezi zilizopauka. Baadhi ya wazazi walikasirika, na sikuwalaumu.

Mwanzoni tulimwambia kila mtoto aje na tunda lake. Tukagundua kwamba waliokosa walikuwa wanajificha chooni wakati wa mapumziko. Siku hizi wazazi wenye uwezo wanachangia mfuko mmoja, matunda yanaoshwa na kukatwa kwenye beseni moja, na kila mtoto anachukua humo humo. Yakibaki, tunayafunga vizuri na mtoto yeyote anayetaka anaondoka nayo, hatumuulizi anampelekea nani.