Saa za zamani za mezani: zisirundikwe pamoja

Dada, umeuliza uzipange vipi saa tatu za mezani ulizoachiwa na babu. Kwanza, usiziweke rafu moja. Zitafanana na duka la fundi saa. Ile Junghans ya Kijerumani yenye kasha la mbao ipe nafasi yake sebuleni, mbali na jua la dirishani. Kwa kuwa ina pendulamu, yaani kile kipande kinachoning'inia na kubembea, ubao wa chini uwe sawasawa kabisa, la sivyo itasimama. Ndogo ya shaba ipeleke ofisini, na tafadhali usiisugue hadi ing'ae kama mpya. Weusi ule wa umri ndio uzuri wenyewe.

Inayonipa wasiwasi ni ya kengele, yenye namba za kung'aa gizani. Hadi miaka ya 1960, saa nyingi za aina hiyo zilipakwa radiamu, metali inayotoa mionzi hatari. Hata kama haing'ai tena, radiamu bado ipo, maana huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo wala kukwangua namba. Iweke mbali na kitanda na watoto, na kama kioo kimepasuka, usiipambie nyumba kabisa.