Mwanamke wa kijijini katika filamu za Bulgaria: anza na Matriarhat

Mkuu, umeuliza kama filamu za zamani za Bulgaria zinamwangalia mwanamke wa kijijini au zinamfuata tu mwanamume aliyehamia mjini. Nyingi zinamfuata mwanamume. Nilisoma kilimo Plovdiv, mji wa huko Bulgaria, miaka ya 1980, na runinga ya hosteli ilikuwa haichoki kuzirudia.

Darvo bez koren ya Hristo Hristov (1974) inamhusu mzee wa kijijini anayehamia mji mkuu, Sofia, kwa mwanawe na kushindwa kuyazoea maisha ya ghorofani. Mwaka huohuo Lyudmil Kirkov alitoa Selyaninat s koleloto: jamaa anafanya kazi mjini, lakini haachi kupanda baiskeli kurudi kijijini kwao, ambako kumeshakuwa kama mahame. Georgi Georgiev-Getz, aliyeigiza kama jamaa huyo, aliigiza vizuri mno, akatuzwa kwenye tamasha la filamu la Moscow 1975. Lakini majonzi yote ni ya kwake. Wanawake wamewekwa pembeni.

Ndiyo maana nasema anza na Matriarhat (1977), yaani utawala wa kina mama. Ni ya Kirkov huyohuyo, na mwandishi ni yuleyule wa ile ya baiskeli, Georgi Mishev. Wanaume wamefuata kazi mjini, shamba la ushirika limebaki mikononi mwa wanawake. Wamo Katya Paskaleva na Nevena Kokanova, ila hakuna nyota mmoja anayewafunika wenzake. Kuna wanaoiita filamu ya kumkomboa mwanamke. Mimi sioni hivyo. Wale kina mama hawakukabidhiwa madaraka, waliachiwa kazi.

Nalisema hilo kwa sababu niliwaona. Msimu wa vuli wanafunzi tulikuwa tunapelekwa kuvuna, na huko shambani tuliwakuta wanawake watu wazima, wengine bibi kabisa, wanachuma zabibu kwa kasi ambayo sisi vijana hatukuiweza. Watoto wao wako Plovdiv au Sofia. Kwetu tumezoea aliye mjini ndiye anayetuma kijijini. Kule mama ndiye aliyekuwa anatuma. Ikikaribia baridi, basi la kwenda mjini linajaa mitungi ya pilipili na nyanya za kusindika, imefungwa kwenye magazeti isivunjike. Nusu ya jokofu la mjini ilitoka kwa mama. Hili la mitungi, kwangu, lilistahili filamu yake peke yake.

Halafu, kuna watakaokutajia Koziyat rog (1972), kwa kuwa Paskaleva yumo na mandhari ni ya milimani. Itazame, ni kali sana, ila ni kisasi cha enzi Waturuki walipoitawala Bulgaria, haihusiani na uhamaji unaouulizia.